Ngomeni na Mashindano ya Madola Makuu

Vita Vikuu vilipokwisha mwaka 1945, madola mawili yaliyokuwa bega kwa bega dhidi ya Ujerumani, yaani Marekani na Urusi, yaligombea wataalamu wa Kijerumani wa roketi. Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, Marekani ilitafuta washirika. Italia ikawa mmoja wao, nayo ikachagua bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwani karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi.

Jukwaa la San Marco likasimamishwa baharini, na Aprili 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa hapo kwa roketi ya Kimarekani. Ile ya tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Kenya, iliitwa Uhuru. Jina lilikuwa letu. Chombo kilikuwa mali ya Wamarekani. Jambo hili halitajwi sana.

Wahandisi wa Kitaliano walifuatwa na watalii na wenye mahoteli. Roketi ya mwisho iliondoka Machi 1988. Kitaliano hakikuondoka: wapishi na mayaya wa Malindi walijifunza majikoni mwa wageni, wakakipeleka nyumbani kwao, na watoto wao wakakitumia ufukoni kutafutia riziki.