Kilimo cha okidi-kiatu (Cypripedium) katika nchi za joto

Okidi-kiatu za jenasi Cypripedium ni mimea ya familia Orchidaceae inayoota ardhini na kuvumilia baridi kali. Mdomo wa ua lake umevimba kama kiatu cha kitambaa, na ndipo lilipotoka jina lake. Kilimo cha okidi hizi katika maeneo yenye joto ni kigumu kwa sababu mmea huhitaji kulala miezi kadhaa kwenye baridi kila mwaka. Hata hivyo spishi chache na machotara kadhaa hufanikiwa, mradi mkulima aweze kuipa mizizi ubaridi ambao hali ya hewa haitoi.

Jina na uenezi

Carolus Linnaeus aliipa jenasi hii jina mwaka 1753, kutokana na Kypris, jina jingine la mungu wa kike Afrodita wa Kiprosi, na neno la Kigiriki la kandambili. Kuna takriban spishi 50, nyingi zikiwa nchini China; nyingine ziko Urusi, Japani, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kusini mwa Sahara hakuna okidi-kiatu ya asili, wala ya jenasi hii wala ya jenasi za jamaa zake.

Jamaa hao ni muhimu kutajwa kwa sababu huchanganywa mara nyingi. Okidi-kiatu zinazouzwa maduka ya maua katika vyungu kwa kawaida ni Paphiopedilum kutoka Asia ya kitropiki, ambazo hubaki na majani mwaka mzima na hazihitaji baridi kali. Anayenunua Cypripedium akidhani ni hiyo atashangaa kuona majani yote yakifa. Mmea haujafa, umelala.

Athari ya joto

Sehemu ya kudumu ya mmea ni rizomu, yaani shina linalotambaa chini kidogo ya uso wa udongo. Machipukizi ya mwaka unaofuata huundwa juu yake kabla majani hayajanyauka. Machipukizi haya hayaamki vizuri mpaka yapitie baridi ya muda mrefu. Yakikosa, hutoka dhaifu au hayatoki kabisa, nayo rizomu huendelea kula akiba yake hadi iishe. Ndiyo maana mmea ulionunuliwa ukiwa na afya huweza kuchanua mwaka wa kwanza, ukapungua wa pili na kutoweka wa tatu.

Joto la usiku hudhuru kuliko la mchana. Usiku mmea hautengenezi chakula bali hukitumia, na kadiri kulivyo joto ndivyo unavyokitumia haraka. Tena, udongo wenye joto na maji mengi huozesha mizizi upesi.

Spishi zinazofaa

Inayosifiwa zaidi ni Cypripedium kentuckiense ya kusini mwa Marekani, ambayo huota Arkansas, Louisiana na mashariki mwa Texas, mahali penye kiangazi cha joto na unyevu. Kiatu chake, cha rangi ya maziwa au manjano hafifu, ni kikubwa kuliko cha spishi nyingine zote za jenasi. C. parviflorum aina ya pubescens nayo hufika Georgia na Alabama. C. formosanum ya milima ya Taiwan hutosheka na majira mafupi ya baridi. Miongoni mwa machotara, 'Gisela' ni mvumilivu na hupendekezwa kwa wanaoanza.

C. acaule haifai kwa anayeanza popote, kwani hutaka udongo wenye asidi kali.

Kwa msomaji wa nchi za ikweta, spishi inayovutia zaidi ni C. irapeanum ya Meksiko na Amerika ya Kati. Hii hulala kwa sababu ya ukame, si baridi, kama zifanyavyo okidi nyingi za ardhini za uwanda wa Kitulo nchini Tanzania. Kwa bahati mbaya ndiyo iliyowashinda wakulima: hata wenye ujuzi hushindwa kuiweka hai bustanini.

Udongo na maji

Mchanganyiko unaotumika sana ni wa mawe: perlaiti au changarawe nyepesi ya volkeno, pamoja na mboji kidogo tu. Maji yapite haraka, lakini udongo usikauke kabisa. Rizomu hufukiwa sentimita 2 au 3 hivi, na mizizi hutandazwa pande zote. Mbolea hutiwa hafifu, wakati wa ukuaji peke yake.

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni bora kuliko cha plastiki, kwa sababu maji yanayovukiza kwenye kuta zake hupoza mizizi, kama maji ya mtungini yanavyopoa. Wengine hufukia chungu ndani ya kingine kikubwa chenye mchanga mbichi. Jua la asubuhi linatosha. Baada ya hapo mmea uwe kivulini.

Baridi ya friji

Pasipo majira ya baridi, majani yakishakauka rizomu hung'olewa, husafishwa na kuwekwa ndani ya mfuko wenye kuvumwani mbichi uliokamuliwa. Mfuko hukaa friji, kwenye nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi, kwa miezi mitatu au minne, nao hukaguliwa mara kwa mara kuondoa sehemu zenye ukungu. Friza haifai, kwani rizomu isiyo na udongo huganda na kufa. Matunda yasiwekwe pamoja nayo, maana yanapoiva hutoa gesi ya ethilini inayoweza kuharibu machipukizi.

Anayeshika mimea hii avae glavu: vinyweleo vya baadhi ya spishi huwasha ngozi.

Biashara na uhifadhi

Mbegu ni ndogo kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini huota zikilishwa na kuvu. Miaka mingi hupita kabla ya ua la kwanza. Kwa hiyo wachimbaji walipendelea kung'oa mimea iliyokomaa. Nchini Uingereza C. calceolus ilidhaniwa imetoweka hadi mmea mmoja ulipopatikana Yorkshire mwaka 1930. Mahali pake palifichwa na kulindwa kwa miongo mingi.

Leo jenasi yote imo katika Kiambatisho II cha mkataba wa CITES, na mimea huzalishwa maabara kutoka mbegu. Mmea wa maabara hugharimu zaidi, lakini uliochimbwa porini mara nyingi hufa bustanini, kwa kuwa mizizi yake hukatika na haioti upya kwa urahisi.