Mkono Usiosikia Maumivu

Kwa karne nyingi watu wa Bara Hindi, kama watu wa nchi nyingi nyinginezo, walisadiki kwamba ukoma huula mwili wa mgonjwa kidole baada ya kidole. Na hata baada ya tabibu Gerhard Armauer Hansen kuvigundua vijidudu vya maradhi hayo huko Bergen, Norwe, mwaka 1873, dhana hiyo haikuondoka, wala wagonjwa hawakukoma kufukuzwa majumbani mwao.

Mwaka 1947 Paul Brand, tabibu mpasuaji aliyekuwa akifundisha Vellore, Bara Hindi, aliizuru hospitali ya wagonjwa wa ukoma ya Chingleput kwa mwaliko wa tabibu wa ukoma Robert Cochrane, naye alipoushika mkono wa mgonjwa mmoja, ambao vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, akabanwa kwa nguvu hata akaumia. Basi mkono uliodhaniwa kuwa umekufa ulikuwa na nguvu tele! Vijidudu vya ukoma hupendelea neva zipitazo karibu na ngozi, penye ubaridi, kama ile ya nyuma ya kiwiko. Neva hiyo ikiharibika, misuli midogo ya kiganja hupooza na ngozi hushikwa na ganzi, ilhali misuli mingi ya kigasha husalia na uzima wake. Brand na wenzake wakazihamisha kano za misuli hiyo mizima, wakaziunga na vidole, na baada ya mazoezi wagonjwa wakaweza tena kukunjua mikono yao.

Lakini kwa nini vidole vilizidi kufupika? Siku moja mvulana mgonjwa alimsaidia Brand kufungua kufuli lenye kutu, akauzungusha ufunguo hata nyama ya kidole ikachanika mpaka mfupani, asitambue lolote. Hapo ndipo tabibu alipoanza kuchunguza kila jeraha, akaona kwamba aghalabu lilitokana na sufuria ya moto, msumari wa kiatu au mpini wa jembe; na vidole vilivyotoweka usiku vilikuwa vimegugunwa na panya, wagonjwa wakiwa usingizini, hata ikabidi wapewe paka.

Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, nazo huwaua vijidudu barabara. Ila neva iliyokwisha kufa hazifufui. Kwa hiyo mtu aliyepona ukoma, akiwa na ganzi, bado hufundishwa kukagua viganja na nyayo zake kila siku, na baka lisilosikia mguso lapasa kupelekwa kwa tabibu mapema.