Mashine ndogo na hatima ya mitufaha mikongwe ya Württemberg

Katika miteremko na malisho ya jimbo la Baden-Württemberg, kusini magharibi mwa Ujerumani, hesabu iliyotolewa mwaka 2020 ilikuta miti ya matunda ya asili ipatayo milioni 7.1. Mwaka 1965 ilikadiriwa kuwa milioni 18. Sababu za kupungua huko ni nyingi, lakini ipo moja inayojirudia kila vuli matunda yanapoiva: kuyaokota kwa mkono hakulipi.

Bustani hizo kwa Kijerumani huitwa Streuobst, yaani matunda yaliyotawanyika. Mitufaha, mipeasi na micheri husimama mbalimbali, shina likipanda mita 1.6 au zaidi kabla ya kutoa tawi la kwanza, ili chini yake pafyekwe majani au ng'ombe walishwe. Katika shamba la kisasa hekta moja hubeba miti mifupi ipatayo 3,000, na mchumaji huifikia akiwa amesimama ardhini au juu ya jukwaa dogo. Katika bustani ya kale hekta hiyo hiyo hubeba miti isiyozidi mia moja na ushei, mingine mirefu kuliko nyumba.

Watawala wa Württemberg walihimiza upandaji huo katika karne ya 18, hata kando ya barabara. Kuanzia mwaka 1775 kitalu cha miche katika kasri la Solitude, karibu na Stuttgart, kilikuwa chini ya uangalizi wa Johann Caspar Schiller, baba wa mshairi mashuhuri Friedrich Schiller. Desturi ya eneo hilo ya kuwagawia warithi wote ardhi sawa kwa sawa ndiyo iliyofanya mengine: kizazi baada ya kizazi viwanja vilizidi kuwa vyembamba, na leo wamiliki wengi ni watu wa mjini wenye miti kumi au ishirini waliyoachiwa na babu. Baada ya Vita Kuu ya Pili sera ya kilimo iliyapa kisogo mashina marefu, na hadi mwaka 1974 fedha za umma zililipwa kwa wenye kuyang'oa.

Matunda ya miti hiyo kwa sehemu kubwa huenda kukamuliwa, iwe juisi au kileo cha matufaha ambacho wenyeji hukiita Most. Mtu mzoefu, akiinama tangu asubuhi, huokota kilo 100 hivi kwa saa. Mwaka 2018, baada ya baridi kali ya Aprili 2017 kuunguza maua ya msimu uliotangulia, miti ilizaa kupita kiasi na viwanda vikalipa chini ya euro 10 kwa kila kilo 100. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani mwaka huo kilikuwa euro 8.84 kwa saa. Ukitoa gharama ya usafiri, hesabu inajieleza yenyewe, na matufaha mengi yaliozea majanini.

Hapo ndipo mashine ndogo inapoingia. Kwa karne nyingi wakulima walitumia mti mrefu wenye kulabu nchani kushika tawi na kulitikisa, chombo kisichotofautiana sana na upembo ambao watoto wa Pwani huangulia maembe. Mashine ya kutikisa inaiga kazi hiyo hiyo: injini ya petroli, au siku hizi betri, husukuma na kuvuta kwa kasi ufito wenye kulabu ambao mtu hubeba begani. Aina nyingine hutumia kebo iliyofungwa kwenye tawi kwa mkanda mpana ili gome lisichubuke. Trekta lenye koleo la kukumbatia shina lina nguvu zaidi, lakini shina la mtufaha wa miaka themanini mara nyingi ni nene mno au lina uwazi ndani, na huenda likapasuka.

Kuokota kumebadilika zaidi. Chombo rahisi kabisa ni tufe la nyaya zinazonepa: ukilisukuma juu ya tunda, nyaya hupanuka, tunda likaingia, kisha hujifunga. Kipo pia kigurudumu chenye miiba kinachochoma matunda na kuyapeleka kwenye meno ya kuyachomoa. Wajerumani hukiita kalunguyeye wa matunda. Mashine yenye injini, inayotembezwa kwa mkono kama ya kukatia majani, hukusanya zaidi ya tani moja kwa saa na kuyamimina kwenye magunia au kreti.

Mashine hizo zina masharti yake. Majani lazima yafyekwe mapema, na vichuguu vya fuko visawazishwe. Matunda hayaivi kwa siku moja, hivyo anayetikisa mapema huvunja vijiti vinavyobeba maua ya mwaka ujao. Ni heri kurudi mara mbili au tatu. Tunda lililotobolewa huanza kuchacha upesi, na kinu cha kukamulia kisipokuwa na nafasi siku ile au ya pili yake, kazi yote ni bure. Kwa matufaha ya kuliwa mezani, ngazi na kikapu bado havina mbadala.

Bei ya mashine yenye injini ni maelfu ya euro, mzigo usiobebeka kwa mwenye miti kumi. Kwa sababu hiyo, vyama vya bustani vya vijijini hununua moja na kuikodisha kwa zamu. Baadhi ya vikundi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, humlipa mkulima nyongeza juu ya bei ya soko ili asiitelekeze miti, ambayo pamoja na malisho yake ni makao ya zaidi ya aina 5,000 za mimea na wanyama, akiwamo bundi mdogo anayetaga katika matundu ya mashina.

Mwaka 2020 sheria ya jimbo ilizuia kufyeka bustani kubwa za aina hiyo bila kibali. Hata hivyo, mti usiopogolewa huvamiwa na kirukia na kuvunjika kwa uzito wake. Tangu mwaka 2015 serikali ya jimbo imekuwa ikichangia gharama za kupogoa, kuanzia euro 15 kwa mti, kazi inayofanywa wakati wa baridi kwa msumeno, juu ya ngazi.