Kwa nini taji la Jua lina joto kuliko Jua lenyewe

Aotaye moto hujua kwamba kadiri anavyojitenga na mafiga, ndivyo joto linavyopungua. Jua halifuati kanuni hiyo.

Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Sentigredi. Lakini korona, yaani tabaka la nje la angahewa yake, ina joto la nyuzi milioni moja na zaidi. Gesi ya huko ni nyepesi mno, na kwa kawaida mng'ao wa Jua huifunika. Huonekana kwa macho wakati Mwezi unapolikinga Jua lote, ikilizunguka kama taji jeupe.

Mstari wa kijani

Jua lilipopatwa mwaka 1869, Wamarekani Charles Young na William Harkness waliona katika mwanga wa korona mstari wa kijani usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ikadhaniwa kuwa ni elementi mpya.

Miaka sabini baadaye, Mjerumani Walter Grotrian na Msweden Bengt Edlén walibainisha kuwa mistari ya aina hiyo hutokana na vitu vya kawaida. Ule wa kijani ni wa chuma ambacho atomu zake zimepoteza elektroni 13, jambo linalohitaji joto la mamilioni ya nyuzi.

Nadharia mbili

Joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi hadi penye moto zaidi. Wanasayansi wanakubaliana kuwa nishati hiyo hubebwa na nguvu za sumaku, ambazo hutikiswa na kusokotwa na gesi inayotokota chini ya uso wa Jua.

Wapo wanaosema kuwa hufikishwa na mawimbi yaliyotabiriwa na Msweden Hannes Alfvén mwaka 1942. Wengine hufuata hoja ya Mmarekani Eugene Parker ya mwaka 1988: nyuga za sumaku zilizosokotana hukatika na kuungana upya, zikizusha milipuko midogo isiyohesabika. Huenda njia zote mbili zinahusika.

Chombo cha Marekani chenye jina la Parker, kilichorushwa mwaka 2018, kiliingia ndani ya korona mwaka 2021. Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka kwenye uso wa Jua.

Utafiti huo una manufaa duniani. Dhoruba zitokazo katika korona huvuruga satelaiti na umeme. Machi 1989 jimbo la Quebec, Canada, lilikaa gizani kwa saa tisa.

Tarehe 2 Agosti 2027, kivuli cha Mwezi kitapita Misri, Saudi Arabia, Yemen na kaskazini mwa Somalia. Watakaokuwa ndani ya kivuli hicho wataliona taji hilo kwa macho yao.