Sounion: Safari ya Machweo kwenye Hekalu la Poseidon

Sounion ni rasi iliyo kwenye ncha ya kusini ya Attica, jimbo la Ugiriki lenye mji mkuu wa nchi hiyo, Athens. Kutoka katikati ya Athens hadi rasini ni takriban kilomita 70. Juu ya jabali lake, mita 60 hivi kutoka usawa wa bahari, yamesimama mabaki ya hekalu la Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale, lililojengwa kati ya mwaka 444 na 440 KK. Bahari imelizunguka jabali hilo pande tatu. Safari ya kwenda huko na kurudi siku hiyo hiyo, iliyopangwa ili wageni wawe hekaluni jua linapozama, ni miongoni mwa matembezi yanayopendwa sana na watu wanaoitembelea Athens. Wengi huenda katika kikundi kidogo, ndani ya basi dogo, pamoja na mwongoza watalii.

Machweo ndiyo yanayotangazwa zaidi, na yanastahili sifa zake. Hata hivyo, anayefika Sounion kwa ajili ya jua peke yake hupata nusu ya safari. Hekalu hili lilijengwa lionekane kutoka baharini. Chombo kilichorudi kutoka visiwa vya Aegean kiliona nguzo zake mapema, kikajua kwamba kimefika Attica. Kilichoondoka kilizitazama zikififia nyuma ya tezi. Kwa mabaharia wa Athens hapa palikuwa mlangoni pa nyumbani, na mlangoni ndipo walipomwomba mungu aliyeshika dhoruba mkononi.

Magari mengi hufuata barabara ya pwani kando ya Ghuba ya Saroniki, kupitia Glyfada, Vouliagmeni, Varkiza, Lagonissi, Saronida na Anavyssos. Ukielekea kusini bahari huwa mkono wa kulia, kwa hiyo viti vya upande huo ndivyo vya kuwahi. Vouliagmeni ina ziwa dogo chini ya genge la mawe ya chokaa, ambalo maji yake, mchanganyiko wa chumvi na ya chemchemi, hubaki na joto la kati ya nyuzi 22 na 29 mwaka mzima, hivyo watu huoga humo hata Januari. Anavyssos nayo imetoa mojawapo ya sanamu mashuhuri za Ugiriki ya kale: kijana wa marumaru aliyesimamishwa juu ya kaburi la askari aliyeitwa Kroisos, yapata mwaka 530 KK. Wezi wa mambo ya kale waliitorosha hadi Ufaransa kabla haijarejeshwa Ugiriki mwaka 1937. Basi hupita hapo kwa dakika chache tu, na ni mwongozaji mzuri anayejua kulitaja jambo hilo kabla kijiji hakijapotea dirishani.

Saa ya kuondoka hutegemea majira, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kuwa mwangalifu. Mombasa na Dar es Salaam, tofauti ya saa za kuzama kwa jua kati ya mwezi mmoja na mwingine haifiki saa nzima. Attica ni mbali sana na ikweta. Mwishoni mwa Juni jua huzama kukaribia saa tatu usiku. Mwanzoni mwa Desemba huzama saa kumi na moja na dakika chache jioni. Safari ya Desemba, basi, huanza mara baada ya chakula cha mchana, na ya Juni huanza alasiri ikiwa imeshasogea. Lango la eneo la hekalu hufungwa jua linapozama, na kuingia husimamishwa kabla ya hapo. Atakayechelewa barabarani ataliona hekalu kupitia uzio.

Ujenzi wenyewe unadai muda. Hekalu lilikuwa la mtindo wa Kidori, lenye nguzo 34 kulizunguka: sita mbele, sita nyuma na 13 kila ubavu, nguzo za pembeni zikihesabiwa pande zote mbili. Leo zimesimama 15 hivi, baadhi zikiwa zimeinuliwa tena na wataalamu katika karne ya 20. Kila nguzo ina urefu wa mita sita na kidogo, na kipenyo chake hupungua kutoka mita moja chini hadi sentimita 79 juu. Mafundi walichonga mifereji 16 ya wima katika kila nguzo, ilhali desturi ya Kidori ilikuwa 20. Kwa hiyo kingo za mifereji ya nguzo za Sounion ni imara zaidi mbele ya upepo wa chumvi.

Marumaru yake yalitoka Agrileza, bonde lililo jirani upande wa kaskazini. Hayana chuma kingi ndani yake, tofauti na marumaru ya mlima Penteli yaliyojenga Parthenon, hekalu la mungu wa kike Athena mjini Athens, ambayo kwa karne nyingi yamegeuka rangi ya asali. Ya Sounion yamebaki meupe. Weupe huo ndio unaoifanya saa ya machweo iwe na thamani hapa: nguzo hupokea rangi yoyote ya anga bila kuongeza ya kwake, kuanzia manjano, kisha waridi, hadi kijivu jua linapokwisha.

Chini ya hekalu hili lipo jingine. Mwanzoni mwa karne ya 5 KK Waathene walikuwa wakijenga hekalu la mawe ya chokaa mahali hapo hapo. Mwaka 480 KK jeshi la Waajemi la mfalme Xerxes likaivamia Attica, likaichoma Akropoli ya Athens na kulibomoa hekalu la Sounion kabla halijakamilika. Mwaka huo huo manowari za Wagiriki ziliwashinda Waajemi katika vita vya Salamis. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodotus ameandika kwamba baada ya ushindi Wagiriki waliweka wakfu manowari tatu za Wafoinike walizoziteka, na moja waliipeleka Sounion. Mahali palipobomolewa na adui pakapewa chombo cha adui. Hekalu tunaloliona lilijengwa miaka 40 hivi baadaye, wakati wa Pericles, kiongozi wa Athens, juu ya msingi wa lile la kwanza, katika kipindi kile kile Parthenon ilipokuwa ikijengwa.

Fedha ya kujenga zile manowari za Salamis ilitoka jirani kabisa. Laurion, eneo la machimbo ya fedha, liko nyuma ya rasi, na mji wa Lavrio wa leo ni mwendo mfupi kwa gari. Mwaka 483 KK mshipa mpya wenye utajiri mkubwa ulipogunduliwa, kulikuwa na pendekezo la kumgawia kila raia sehemu yake. Themistocles, mwanasiasa wa Athens, akawashawishi Waathene wazitumie fedha hizo kujenga manowari badala ya kugawana. Hakuna uamuzi wa fedha za umma katika historia ya Athens uliozaa matunda makubwa kuliko huo.

Waliochimba walikuwa watumwa. Walifanya kazi kwa maelfu, ndani ya mashimo membamba ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima, kwa mwanga wa taa za mafuta. Mwaka 413 KK, Wasparta, waliokuwa vitani na Athens, walipoweka kambi Dekeleia kaskazini mwa Athens, watumwa zaidi ya 20,000 wa Attica walitoroka, kwa hesabu ya mwanahistoria Thucydides. Mwishoni mwa karne ya 2 KK watumwa wa Laurion waliasi, wakawaua walinzi wao na kuiteka ngome ya Sounion, wakaishikilia kwa muda huku wakivamia mashamba ya Attica. Jambo hili mara nyingi huachwa nje ya maelezo ya safari za machweo, na ni kosa. Watu hao walisimama kwenye jabali hili hili wakiwa huru, na wana haki ya kukumbukwa hapa sawa na Pericles na Themistocles.

Ngome waliyoiteka ilijengwa mwaka 412 KK, katikati ya vita vya Peloponnese. Athens ilikuwa ikiishi kwa nafaka iliyoletwa kwa meli, na meli hizo zilipaswa kuizunguka rasi. Waathene wakajenga ukuta ili kuwalinda wabebaji wa nafaka wasishambuliwe. Mabaki ya ukuta bado yapo, pamoja na vibanda vya manowari vilivyochongwa kwenye mwamba karibu na maji. Mgeni akitembea hatua chache mbali na nguzo ataviona, lakini ni wachache wanaofanya hivyo kwa kuwa macho yote huwa juu.

Upande wa simulizi za kale, hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya Aegeus, mfalme wa Athens. Mwanawe Theseus alikwenda Krete kupambana na Minotaur, nusu mtu nusu fahali, akaahidi kwamba akirudi mzima atapandisha tanga jeupe. Alishinda, akasahau kulibadilisha tanga jeusi alilosafiri nalo. Baba yake alipoliona tanga jeusi likija alijitupa, na bahari ikaitwa kwa jina lake. Waandishi wengine wa kale huliweka tukio hilo kwenye Akropoli, na waongoza watalii wa Sounion, kwa kawaida, huliweka hapa. Kilicho wazi zaidi ni kwamba mshairi Homer aliijua rasi: katika Odyssey anasimulia jinsi Phrontis, mshika sukani wa Menelaus mfalme wa Sparta, alivyokufa chombo kilipokuwa kikipita Sounion katika safari ya kutoka Troy, na Menelaus akasimamisha safari ili amzike.

Mita 400 hivi kaskazini-mashariki mwa hekalu la Poseidon, kwenye kilima cha chini zaidi, upo msingi wa hekalu la Athena. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyeanza kitabu chake cha kuieleza Ugiriki kwa kuitaja Sounion, alidhani hekalu la juu ndilo la Athena. Kosa lake lilidumu hadi wachimbaji wa mwishoni mwa karne ya 19, wakiongozwa na Valerios Staïs, walipopata maandishi yaliyothibitisha kwamba ni la Poseidon. Hekalu la Athena lenyewe lilikuwa na safu za nguzo upande wa mashariki na wa kusini tu, mpango usio wa kawaida ambao Vitruvius, msanifu wa Kirumi, aliutaja. Katika enzi ya Warumi baadhi ya sehemu zake zilibebwa hadi sokoni Athens kujenga hekalu jingine, na ndiyo sababu leo kuna kidogo cha kuona. Kilima hicho huwa tulivu hata siku ambazo juu kumejaa watu, nacho hutoa sura nzuri ya hekalu la Poseidon kwa mbali.

Kwenye jiwe moja la hekalu kuu limechongwa jina la Byron, mshairi wa Uingereza aliyeizuru Ugiriki mara ya kwanza kati ya mwaka 1809 na 1811 na kuitaja Sounion katika utenzi wake Don Juan. Majina mengi ya wasafiri wa karne hiyo yamelizunguka. Leo kamba huwazuia wageni kuingia kati ya nguzo, na ni haki iwe hivyo. Marumaru yaliyovumilia chumvi kwa miaka 2,400 hayahitaji kuvumilia na visu.

Hali ya hewa rasini hubadilika haraka. Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo wa majira kutoka kaskazini, ambao mwenyeji wa pwani anayeijua kaskazi atauelewa bila maelezo: anga safi, bahari yenye mapovu, kofia mkononi. Hewa ikiwa safi huonekana kisiwa cha Kea, na karibu zaidi Makronisos, kisiwa kikavu ambako serikali ya Ugiriki iliwafungia maelfu ya wafungwa wa kisiasa kuanzia mwaka 1947, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Upande wa magharibi kuna Patroklos, kisiwa kidogo kilicho karibu na ufuko. Majira ya kiangazi jua huzama kuelekea kaskazini-magharibi. Majira ya baridi hushuka kusini zaidi, na watu huwa wachache.

Faida ya kikundi kidogo huonekana hasa katika saa ya machweo. Mabasi makubwa hufika pamoja, hushusha watu wengi kwa mkupuo, na wengi wao husongamana upande mmoja wa hekalu kupiga picha. Watu wachache wenye mwongozaji wao huweza kufika mapema, kuuzunguka ukuta wa ngome, kuteremka hadi kilima cha Athena na kurudi mwanga ukiwa bado mzuri. Mgeni anayetaka kwenda peke yake ana mabasi ya umma ya KTEL Attikis yanayotoka Athens hadi mlangoni. Bei yake ni nafuu, ila lazima ahakikishe saa ya basi la mwisho la kurudi.

Anayepanga safari hii aingie hekaluni angalau saa moja na nusu kabla ya machweo, kisha kesho yake aende Makumbusho ya Kitaifa ya Akiolojia mjini Athens. Huko ndiko iliko sanamu kubwa ya kijana wa marumaru iliyochongwa yapata mwaka 600 KK, yenye urefu wa mita tatu na zaidi, ambayo wachimbaji waliikuta mwaka 1906 ndani ya shimo mashariki mwa hekalu la Poseidon.