Oda Kabla ya Jengo: Hoja Kuhusu Kiwanda cha Magari ya Umeme Dar es Salaam

Mjadala wa viwanda vya magari ya umeme nchini Tanzania kwa kawaida huanzia kwenye ardhi: kiwanda kikae Kigamboni au Kibaha, kipewe ekari ngapi, kisamehewe kodi kwa miaka mingapi. Makala haya yanadai kwamba maswali hayo yanapaswa kutanguliwa na mengine mawili. Nani amekwisha kutoa oda ya magari hayo? Na betri zake zitaundwa, zitapimwa na kutengenezwa na mikono ya nani? Kiwanda kisicho na majibu ya maswali hayo hakitadumu, hata kijengwe vizuri namna gani.

Tunayasema haya kwa sababu yameshatupata. Kibaha, nje kidogo ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, kulikuwa na kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania kwa vipande vilivyotoka Sweden. Hakikukosa mafundi wala barabara za kupitishia malori yake. Kilichokauka ni fedha za kigeni. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani wakati uleule, viliiacha nchi bila akiba, na kiwanda kinachonunua kila kipande cha maana kutoka nje huanza kufa njaa siku ileile hazina inapoishiwa. Baadaye biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika yakamiminika bandarini, uzalishaji ukakoma na eneo likabaki mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Taifa. Palepale Kibaha, shirika la Nyumbu chini ya Wizara ya Ulinzi lilipita njia ngumu zaidi, ya kubuni na kuunda lori lake lenyewe. Ujuzi ulipatikana, ila oda za kulifanya lori hilo litoke kwa mamia kila mwaka hazikuja. Naamini kisa cha Nyumbu kinatufundisha zaidi kuliko cha TAMCO, na ni jambo la kusikitisha kwamba hakisomwi inavyostahili katika vyuo vyetu vya uhandisi.

Kiwanda kikubwa cha magari hufanya kazi nne: kukandamiza bati kwa mashine ili lipate umbo, kuchomelea bodi, kupaka rangi, na kufunga vifaa kwenye mstari wa uunganishaji. Mashine za kukandamiza bati na matangi ya kuzamishia bodi kwenye rangi ya kuzuia kutu ni ghali kiasi kwamba hazirudishi gharama hadi magari yatoke kwa makumi ya maelfu kwa mwaka. Kiwanda cha Tesla mjini Shanghai kilianza kujengwa Januari 2019 na kikatoa magari kabla mwaka huo haujaisha. Wengi huisimulia kasi hiyo kama ushindi wa mwenye kiwanda. Sehemu kubwa ya siri yake, hata hivyo, ilikuwa nje ya uzio: watengenezaji wa vipuri, vioo, viti, nyaya na betri walikuwa tayari wapo China, wamezoea kazi. Vingunguti na Chang'ombe hatuna mtandao wa namna hiyo, na msamaha wa kodi peke yake hauuleti.

Majirani wetu wameonyesha kwamba kuna milango mingine. Uganda ilianza na gari la Kiira EV lililobuniwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011, ikafuata na basi la Kayoola mwaka 2016, ndipo kikajengwa kiwanda cha Jinja chenye uwezo uliopangwa wa magari 5,000 kwa mwaka. Safari hiyo imechukua zaidi ya muongo mmoja na fedha nyingi za umma, na wakosoaji wake wana haki ya kuuliza maswali. Hata hivyo, uamuzi wa kutanguliza basi ulikuwa sahihi, kwa sababu basi lina mnunuzi mkubwa anayejulikana. Nairobi ilipita kwingine. Kampuni ya Roam ilifungua mwaka 2023 kiwanda chenye uwezo wa pikipiki 50,000 kwa mwaka, nayo BasiGo ikaunganisha mabasi yake ya umeme Thika, katika kiwanda cha siku nyingi cha Kenya Vehicle Manufacturers, bila kusubiri kujenga cha kwake.

Kinachoyafanya haya yawezekane ni kwamba gari la umeme halina injini ya mafuta, na gia zake ni chache. Ugumu na gharama vimehamia kwenye betri, na uundaji wa betri una hatua ambayo fundi wa Temeke anaweza kuifanya na kuimudu. Seli zenyewe zitaendelea kutoka nje kwa muda mrefu; kuwa na madini ya kinywe Mahenge hakutupi seli, kwa maana kati ya mgodi na seli zipo hatua za usafishaji ambazo China imezishika karibu zote. Kazi ya kuzipanga seli hizo ziwe betri kamili ni jambo jingine. Fundi hupima volti na ukinzani wa ndani wa kila seli, kisha huzitenga kwa makundi yanayokaribiana sana, kwani seli moja dhaifu huivuta betri nzima ishuke kwenye kiwango chake. Huziunganisha kwa vipande vya nikeli, hufunga saketi ya kuzilinda zisijae wala kuisha kupita kiasi, huziba sanduku lisipenywe na maji, halafu huichaji na kuimaliza betri mara kadhaa akiandika vipimo. Ni kazi ya utulivu na nidhamu kuliko nguvu, na VETA Chang'ombe pamoja na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam zinaweza kuifundisha. Anayejua kuipanga betri hiyo anajua pia kuifungua miaka minne baadaye, akabadilisha seli tatu zilizochoka badala ya mwenye chombo kununua betri mpya. Hapo ndipo fedha za kigeni zinapookolewa.

Soko la kuanzia limeshajileta lenyewe. Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju, toyo na maguta ya umeme yanabeba maji, mbao, saruji na magunia ya mkaa. Hesabu yake si ngumu, tukichukua mfano wa pikipiki ya kawaida. Pikipiki ya petroli hula takribani lita mbili hadi mbili na nusu kwa kilomita 100. Petroli ikiwa Sh 3,000 kwa lita, hiyo ni Sh 6,000 hadi 7,500. Ya umeme hula uniti tatu hadi nne, na kwa bei ya LUKU ya takribani Sh 356 kwa uniti, haifiki Sh 1,500. Tatizo ni kwamba mengi ya maguta ya bei nafuu huja na betri za risasi, ambazo hazivumilii kumalizwa chaji kila siku. Zikifa huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na risasi ikiyeyushwa uani ni sumu kwa watoto wa mtaa mzima. Karakana ya betri za lithiamu Temeke ingekuwa na wateja tangu siku ya kwanza, na ingekuwa pia huduma ya afya ya jamii.

Yupo atakayesema gesi asilia inatosha. Hoja hiyo ina uzito: gesi ya Songosongo ilifika Ubungo mwaka 2004, ni nafuu kuliko petroli, na mabasi ya mwendokasi yaliyoletwa kwa ajili ya njia ya Mbagala yanaitumia. Lakini gesi inatuacha na injini na mitungi ya kuagizwa, wakati Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 linahitaji watumiaji wa umeme wa usiku, saa ambazo magari hulala yakichajiwa. Kikwazo cha kweli kiko kwenye transfoma za mitaa ya pembezoni, ambazo hazikupangiwa mzigo huo.

Kwa kuwa swali la kwanza ni la oda, kipimo cha dhamira ya Serikali kiko kwenye zabuni za mabasi ya mwendokasi. Mwaka 2016 awamu ya kwanza ilianza na mabasi 140 ya Golden Dragon yaliyokuja yamekamilika, na nafasi ya kujifunza ikapita. Barabara ya Bagamoyo, inayoikata Kinondoni hadi Tegeta, itahitaji mabasi yake. Zabuni hiyo iandikwe kwa masharti yanayopimika: sehemu ya mabasi iwe ya umeme na iunganishwe hapa kwa mkataba wa miaka kadhaa, masanduku ya betri yafungwe na kutengenezwa nchini, karakana ipate njia yake ya umeme kutoka TANESCO kabla basi la kwanza halijashushwa, na isijengwe bondeni, kwa kuwa ile ya Jangwani imefurika zaidi ya mara moja. Mwekezaji akishaushika mkataba wa namna hiyo, suala la ekari litamalizwa kwa vikao vichache.