Historia Fupi ya Ulinganishi wa Sifa katika Kiingereza, na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Kiswahili

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambazo wanafunzi wake hujifunza pia Kiingereza au Kifaransa, twaulizwa mara kwa mara swali moja: mbona Kiswahili hakina daraja za kulinganisha sifa? Mwanafunzi amekwisha kuambiwa katika darasa jingine kwamba kivumishi cha Kiingereza kina daraja tatu: "tall", "taller" na "tallest". Akija kwetu, aona neno "mrefu" halibadiliki kwa sababu ya ulinganishi, naye hukata shauri kwamba lugha hii ina upungufu. Neno hilo si dogo. Mwanafunzi aaminiye kwamba lugha ni pungufu hujifunza kwa nusu ya moyo. Kwa hiyo yafaa tuitazame historia ya Kiingereza chenyewe, tuone daraja hizo zilitoka wapi, na kanuni zake zilitungwa na nani.

Tuanze na hizo daraja tatu. Wa kwanza kuzihesabu hawakuwa Waingereza. Katika karne ya 4, huko Roma, mwalimu aitwaye Donatus aliandika vitabu vya sarufi ya Kilatini vilivyotumika shuleni Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja. Humo sifa zimepangwa kwa daraja: ya kawaida, ya kuzidi na ya kupita zote. Karibu na mwaka 1000, mtawa Ælfric wa Uingereza aliandika sarufi ya Kilatini kwa lugha ya kwao, akaufuata mpango huo huo. Waingereza walipoanza kuandika sarufi za Kiingereza, kazi iliyoanzwa na William Bullokar mwaka 1586, mpango wa Kilatini ulikuwa tayari mezani. Tangu hapo mwanafunzi wa Kiingereza hupandishwa ngazi ya vipawa vitatu iliyochongwa kwa ajili ya lugha nyingine.

Ni kweli kwamba Kiingereza cha kale kilikuwa na tamati zake za kulinganisha, kilizorithi pamoja na ndugu zake kama Kijerumani. Neno lililokuwa na maana ya "gumu" lilikuwa "heard", kisha "heardra", kisha "heardost". Maneno machache yalibadili pia irabu ya shina: "eald", yaani zee, likawa "ieldra" na "ieldest"; "lang", yaani refu, likawa "lengra" na "lengest". Baadaye wasemaji walilainisha mambo, wakasema "longer" na "older" kwa irabu ile ile ya shina. Mabadiliko ya kale yamesalia katika "elder" na "eldest", hasa katika kutaja ndugu wa ukoo mmoja. Maneno ya kila siku kama "good" hayakutii hata kanuni hiyo, kwani tangu kale "better" na "best" hutoka katika shina jingine kabisa.

Njia ya pili, ile ya kutanguliza "more" na "most", ilikuja baadaye. Uingereza ilitekwa na Wanormani mwaka 1066, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya watawala. Maneno mengi marefu ya Kifaransa na ya Kilatini yakaingia katika Kiingereza, na tamati nyingi za kale zikadhoofika. Kuanzia karne ya 13 twaona katika maandishi sifa zikilinganishwa kwa neno la pekee badala ya tamati. Wataalamu wamebishana kama jambo hili liliigwa kutoka Kifaransa au lilichipuka lenyewe. Lakini wote wakubali kwamba kwa muda mrefu njia hizo mbili zilitumika bega kwa bega. Mwandishi aliweza kuweka tamati kwenye neno refu au kutanguliza "more" mbele ya neno fupi, wala hakuna aliyemrudi.

Tena walizichanganya. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, alitumia mara nyingi "more" pamoja na tamati "-er", na "most" pamoja na "-est", katika neno moja. Mfano mashuhuri umo katika tamthilia ya Julius Caesar, katika hotuba ya Antony mbele ya maiti, anapolitaja jeraha alilolitia Brutus. Tamthilia hiyo twaijua kwa Kiswahili kutokana na tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotolewa mwaka 1963. Maneno ya Antony si kosa la mtu asiyesoma, bali ni usemi wa kuongeza uzito. Mshairi Ben Jonson, rafiki wa Shakespeare, aliandika kitabu cha sarufi kilichochapwa mwaka 1640 baada ya kufa kwake. Humo aliusifu usemi huo kuwa ni ufasaha unaofuata mfano wa Wayunani wa kale.

Ni nani basi aliyeupiga marufuku? Jibu lapatikana katika karne ya 18, wakati ambapo watu wa tabaka la kati nchini Uingereza walitamani kujua lugha iliyo "safi", na wachapaji wakapata soko kubwa la vitabu vya sarufi. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa sarufi fupi iliyoonyesha makosa hata ya waandishi wakubwa. Kulinganisha mara mbili alikuhesabu kuwa kosa. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na mji wa York, alitoa sarufi ya shule iliyochapwa tena na tena pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Murray alifundisha pia kwamba maneno kama "perfect" na "supreme" hayapaswi kulinganishwa, kwa kuwa maana yake imekwisha kufika kileleni. Kwa njia ya vitabu vya namna hiyo, shauri la watu wachache likawa sheria ya darasani.

Hata hivyo lugha haikutii yote. Lowth alilikataa neno "lesser", kwa kuwa "less" limekwisha kuwa na maana ya kuzidiwa, na kuongeza "-er" ni kurudia. Lakini neno hilo lingali hai, tena katika maandishi ya heshima. Neno "near" nalo, kwa asili, ni daraja ya pili ya "nigh", na "next" ni daraja yake ya tatu. Asemaye "nearer" amelinganisha mara mbili, na hapana mwalimu amsahihishaye, kwa sababu asili imesahauliwa.

Tena hata Kilatini, kilichotoa ngazi hiyo, hakikuifuata sawasawa. Sifa zake nyingi zilikuwa na tamati, lakini baadhi zililinganishwa kwa kutanguliza neno "magis", yaani zaidi. Watoto wa Kilatini walizitupa karibu tamati zote: Kifaransa husema "plus grand", Kihispania husema "más grande", na ni maneno machache tu kama "meilleur" yaliyobaki na umbo la kale. Wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo waliosoma Kifaransa walijua jambo hili tangu shule ya msingi. Wala hatujasikia mtu akisema kwamba Kifaransa ni lugha pungufu.

Sasa turudi kwetu. Edward Steere, mmisionari wa Unguja, alipotoa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870, alieleza kwamba Kiswahili hakina daraja za sifa kwa maana halisi, kisha akaorodhesha njia zinazotumika badala yake. Maelezo yake yalikuwa ya kweli, lakini alipima kwa kipimo alichokuja nacho. Tukiitazama lugha kutoka ndani, twaona kwamba Kiswahili hakikuweka ulinganishi ndani ya sifa, bali katika uhusiano wa vitu viwili. Neno "kuliko" limejengwa kwa ku-li-ko, yaani pale kilipo kitu fulani. "Juma ni mrefu kuliko Ali" ni kusema kwamba urefu wa Juma waonekana pale alipo Ali. Twasema pia "amshinda kwa urefu" na "ampita kwa urefu". Jirani zetu hufanya vivyo hivyo: Kiganda hutumia "okusinga", Kinyarwanda "kurusha", na Kilingala "koleka", vyote vikiwa vitenzi vya kushinda au kupita.

Aidha, Kiswahili kilipohitaji neno lililokwisha kulinganishwa, kililichukua kwa Waarabu. "Afadhali" na "aghalabu" ni maneno ambayo katika Kiarabu yana umbo la kuzidi. Kiingereza nacho kilichukua "superior" na "senior" kutoka Kilatini kwa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana hayafuatwi na "than" bali na "to".

Historia hii yatufaa darasani. Mwanafunzi wetu aandikapo kwa Kiingereza "he is tall than me", ameacha tamati kwa sababu katika lugha yake kazi yote hufanywa na "kuliko". Aandikapo "more better", amefanya jambo ambalo Ben Jonson angelisifu na Lowth angelikata kwa kalamu. Katika mtihani wa leo yote mawili yatahesabiwa kuwa makosa, nasi hatuna budi kumwambia hivyo bila kumficha. Lakini yatupasa kumweleza sababu: la kwanza lapingana na umbo la Kiingereza, na la pili lapingana na desturi iliyowekwa na watu katika mwaka unaojulikana. Ajuaye sababu hukumbuka kanuni kuliko aliyekaripiwa.

Na katika somo la Kiswahili, tuache kuandika ubaoni jedwali la daraja tatu, "mrefu, mrefu zaidi, mrefu kabisa", kana kwamba twajaza nafasi zilizoachwa wazi na Kilatini. Tuwape wanafunzi vitu viwili, fimbo mbili au vikapu viwili, tuwaombe waseme kipi chashinda, kipi chapita, kipi ni afadhali. Wataona wenyewe kwamba Kiswahili kina njia nyingi za kulinganisha, na kwamba kila moja ina mahali pake.